Mkasi Hauulizi

Kikulacho ki nguoni mwako, na kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuielewa methali hiyo ni Naam, maana tangu utotoni hakuwa na kazi nyingine ila nguo. Alikata nguo, alipiga pasi nguo, alilala chumba kimoja na majora ya vitambaa. Na aliyekuwa akimla alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Naam si jina alilozaliwa nalo. Wateja ndio waliombandika, kwa sababu kila mama yake alipofungua kinywa, hata kama ni kupiga mwayo, yeye alikwisha kuitika: "Naam, Mama." Mdogo wake wakamwita Kwanini, na huyo hata sina haja ya kueleza. Mama yao ndiye aliyekuwa fundi mwenyewe, mjane aliyewalea wote wawili kwa cherehani moja, na mtaa mzima ulimwita Fundi bila kuongeza kitu, kana kwamba mafundi wengine walikuwa wanajaribu tu.

Kazi ilifanyika chumba cha mbele. Dirishani palikuwa na cherehani mbili, ukutani zilining'inia futi za kupimia, na katikati ilikaa meza ya kukatia, pana kama kitanda, ambayo juu yake haikuruhusiwa kuwekwa kikombe wala kiwiko. Sheria ya chumba hicho ilieleweka. Chaki ni ya Mama, mkasi ni wa Naam. Mama anachora, Naam anakata, Kwanini anashona. Siku Mama alipomkabidhi Naam mkasi kwa mara ya kwanza, akiwa binti mdogo wa kusimama juu ya kigoda ili aifikie meza, alimwambia, "Kata palipochorwa. Mkasi hauulizi." Naam alilimeza neno lile zima zima kama dawa, na hakuwahi kulitapika. Alikuwa mtu mzima sasa, mwenye mvi mbili tatu anazozificha chini ya kilemba, na bado hakuwahi kumuuliza mama yake swali lolote lililozidi "Niweke chumvi?"

Mambo ya Mungu nayo aliyachukua vivyo hivyo. Ndiye aliyeongoza maombi ya asubuhi kabla ya cherehani kuanza kulia. Alifumba macho mpaka kope zikakunjamana. Kwanini alisimama pembeni, mikono ameifunga vizuri, lakini macho wazi, akitazama dirishani. Naam alijuaje, na yeye amefumba? Alijua. Siku nyingine alifumbua jicho moja kidogo, kwa nia njema ya kumwombea mdogo wake asiyefumba.

Maombi yakiisha alimgeukia Mama na kumwambia maneno yale yale ya kila siku: "Shikamoo, Mama. Umependeza."

"Marahaba," Mama alijibu, na kuendelea na shughuli zake.

Lakini siku Kwanini alipochelewa maombi, akaingia nywele hajachana, akasema, "Mama, hiyo blauzi inakuzeesha, nani kakudanganya uivae?" Mama alicheka. Alicheka kweli, mabega yakitikisika, kisha akaenda kubadilisha blauzi. Naam alibaki ameshika mkasi, na moyoni mwake kitu kikimkwaruza.

Mwaka ule kukwaruzwa kulizidi, kwa sababu Mama alikuwa ametangaza kwamba amechoka na kwamba kabla ya mwaka kwisha ataachia chaki. Hakusema atamwachia nani. Mtaani hapakuwa na mjadala: mkubwa ni mkubwa, na tena mkubwa mwenyewe ni Naam, mtiifu asiye na mfano. Naam mwenyewe hakuwa na shaka. Au tuseme hivi, alikuwa na shaka moja ndogo, nayo ilihusu sindano.

Mama alikuwa ameanza kumpa Kwanini sindano amtungie uzi. Alikuwa pia akivipapasa vitambaa kwanza kabla ya kuvitazama, na kulaumu taa kwamba haina nguvu hata saa sita mchana. Naam aliyaona hayo yote, akayasukuma mbali, maana kumwona mama mzazi ana upungufu aliona ni kumkosea adabu. Kilichomuuma ni sindano. Mimi nimesimama hapa, alijisemea, nina mikono miwili na macho mawili, na sindano inanipita inakwenda dirishani. Aliwaza kuuliza sababu. Halafu akakumbuka yeye si mtu wa kuuliza, akakata kitambaa kwa hasira mpaka mkasi ukalia.

Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya imani. Alisema imani ni kama mtoto mchanga anayerushwa juu na baba yake: hapimi urefu, haulizi swali, anacheka tu kwa kuwa anajua atadakwa. Naam alilia machozi ya raha. Alihisi mahubiri yale yameshonwa kwa vipimo vyake. Wakati wa chakula, wote watatu wakiwa mezani jikoni, aliyarudia neno kwa neno ili yamfae mtu fulani.

"Hata mimi yamenigusa," Kwanini alisema, "ila pale kwa mtoto hapakunikaa sawa. Yule mtoto haamini kibubusa, Dada. Baba yake kamdaka jana, juzi na majuzi. Ana ushahidi. Hebu mpe mtu asiyemjua amrushe, uone kama atacheka."

Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Kwa hiyo unamdai Mungu ushahidi?" Naam aliuliza, na sauti yake haikuwa na sukari.

"Simdai kitu. Nauliza tu, akili hii nani kanipa? Kama ni yeye, sidhani atanuna nikiitumia. Wewe ukimpa mtu zawadi, halafu ukaikuta miaka yote kaifungia sandukuni, ati ni kwa heshima yako, utafurahi?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na kuuliza si ujinga. Hiyo nayo methali, Dada."

"Haya," Mama alisema akijifuta machozi ya kicheko, "methali zimetoka sare. Nani anaosha vyombo?"

Aliyeosha vyombo ni Naam, bila shaka. Maji yalikuwa ya baridi, na kwa upande wa pili wa ukuta alisikia sauti za mama na mdogo wake zikipokezana, moja ikiuliza, nyingine ikijibu, kisha kicheko, kisha minong'ono. Aliona wivu. Tena haukuwa wivu wa kumgombea Mama peke yake. Maana alikuwa amejenga maisha yake yote juu ya hesabu moja, kwamba anayetii ndiye anayependwa. Ikiwa Mama, aliyemzaa na kumwona akitii kila siku, anampenda zaidi yule mwenye maswali, basi na Yule wa juu je? Aliisugua sufuria moja mpaka ikakaribia kutoboka.

Kisha ukaja ule mzigo wa majoho ya kwaya.

Kiongozi wa kwaya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alileta jora la kitambaa cha zambarau, kizito na kizuri, akasema wanataka majoho mapya kwa ajili ya sikukuu ya uimbaji. Kitambaa kiliagizwa mbali na hakuna kingine kama hicho. Mama aliahidi. Asubuhi iliyofuata Kwanini alitumwa sokoni kutafuta vifungo, na Mama na Naam wakakitandaza kitambaa mezani, tabaka juu ya tabaka, ili wakate yote kwa mara moja.

Mama alichora. Alipima kwa futi, akaweka alama za chaki, moja ya bega, moja ya shingo, moja ya kifua, kisha akaanza kuziunganisha. Naam alikuwa akimtazama, mkasi mkononi. Mstari ulitoka begani, ukateremka, ukaipita alama ya shingo kana kwamba haipo, ukaenda kutua kwenye alama ya kifua. Shingo ya joho ikawa shimo la kumwaga mwimbaji mzima.

Mama alisimama wima, akapangusa mikono. "Unaonaje?"

Naam alitazama. Aliona. Mtoto wa darasa la kwanza angeona.

"Umechora wewe, Mama," alisema. "Mimi ni nani niseme?"

"Angalia tena."

Hapo ndipo Naam alipofanya kosa ambalo angeweza kulifanya yeye tu. Alisema moyoni: hili ni jaribio. Mama anajua alichokichora. Amepotosha mstari makusudi, anataka kuona kati ya mabinti zake nani anamwamini kikweli. Kama angekuwepo yule mwingine, angekwisha kupayuka. Hayupo, leo ni zamu yangu. Na raha ikampanda kifuani, raha ya mtu ambaye hatimaye anaitwa mbele ya wote na kuambiwa, wewe.

"Naam, Mama," alisema.

Akaingiza mkasi. Alianzia pindoni, akapanda ubavuni, akalizunguka kwapa, akafika begani. Mbele yake mstari wa chaki ulianza kuteremka, mweupe juu ya zambarau. Mkono wake ukasimama. Ulisimama kiasi cha pumzi moja, labda mbili. Mama alikuwa upande wa pili wa meza, kichwa amekiinamisha. Naam akafumba macho, akasema kimoyomoyo maneno aliyokuwa akiyasema kila asubuhi, akafumbua, akakata.

Kwanini aliporudi na vifungo aliinua kipande cha kwanza, akakipitisha kichwani, kikaanguka mabegani mpaka kiunoni.

"Ee! Hili ni joho la kwaya au la kuogea? Nani kakata hivi?"

"Nimekata palipochorwa," Naam alisema. Akamtazama Mama, akisubiri uso ule ufunguke, akisubiri aambiwe vema.

Mama alikinyoosha kipande mezani, akakipapasa kwa vidole, polepole, toka begani hadi kifuani. Alipofika mwisho wa shimo mkono wake ulibaki pale. Kisha akaenda kuketi kwenye kiti chake dirishani, akawapa mgongo wote wawili.

Kwanini ndiye aliyeyaokoa majoho. Alikata kitambaa cheupe, akakiweka kama kidari, kipande cha kuziba kifua, mbele ya kila joho, akakizungushia utepe wa zambarau, na kiongozi wa kwaya alipokuja kujaribu lake alipiga kigelegele cha kuzibua masikio. Mtindo gani huu, aliuliza, mbona kwaya nyingine watakufa kwa kijicho! Naam alikuwa nyuma ya meza akiokota vipande, na alitamani kusema kwamba wengine hawana haja ya kusubiri sikukuu, wameanza kufa.

Siku hiyo hiyo, mteja alipokwisha kuondoka, Mama aliichukua chaki kwenye kikopo chake, akaushika mkono wa Kwanini, akaiweka kiganjani. Hakutoa hotuba.

"Mama, kwa nini?" Kwanini aliuliza, na safari hii hakuwa anatania. "Dada ndiye mkubwa."

"Chora," Mama alisema.

Naam alitoka nje akasimama uani karibu na kamba ya nguo. Mdogo wake alimfuata.

"Dada, sikuiomba."

"Hujawahi kuomba kitu," Naam alisema. "Hata kwenye maombi huombi. Unasimama macho kodo unahesabu ndege dirishani. Unachelewa, unabishana, unamwambia Mama blauzi mbaya. Na bado wewe ndiye unayependwa. Mimi nimefanya nini? Niambie, maana wewe ndiye mwenye majibu."

Kwanini alinyoosha mkono kumshika bega. Naam akaukwepa, akarudi ndani.

Walikaa hivyo siku kadhaa, wakisemezana kwa mambo ya uzi na vifungo tu. Sikukuu ya uimbaji ikafika, na asubuhi na mapema Kwanini akaondoka na majoho begani kwenda kuwavisha wanakwaya. Nyumbani wakabaki mama na bintiye mkubwa.

Mama alitoka chumbani amevaa gauni lake la kijani la kutokea. Alikuwa ameligeuza. Mishono yote ilikuwa nje, pindo limetoa ulimi, na begani kulining'inia uzi mrefu. Fundi wa mtaa mzima, katika gauni lililogeuzwa! Naam aliliona mara moja.

"Shikamoo, Mama," alisema. "Umependeza."

"Marahaba."

Jirani wa upande wa kushoto akapita kuchukua sketi yake, akamtazama Mama, akameza mate, akasema, "Leo Fundi umewaka." Mzee wa kanisa akaja kuulizia suruali, akatazama dari muda wote aliokaa. Mama akawapokea wote kichwa juu. Na Naam, aliyekuwa akikunja vipande vya zambarau visivyo na kazi tena, akaviweka chini wageni walipoondoka, na neno likamtoka. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa Mama, ukiacha lile la chumvi.

"Mama, kwa nini yeye?"

Mama aligeuka kwenye kiti. Alitazama upande ule sauti ilikotoka, kidogo kando ya uso wa Naam.

"Umesemaje?"

"Kwa nini yeye na si mimi? Nimekutii tangu nikisimama juu ya kigoda. Sijakubishia hata siku moja. Yeye anakubishia asubuhi na jioni, na ndiye unayecheka naye, ndiye unayempa sindano, ndiye uliyempa chaki. Namwonea wivu, Mama. Nina wivu mpaka siwezi kusali. Nikipiga magoti namwona yeye."

Alidhani atakemewa. Mama alishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Njoo ukae. Mimi sioni vizuri, mwanangu. Ni mwaka wa pili huu. Nakuona kama uko nyuma ya pazia."

"Kwanini anajua?"

"Anajua."

"Ulimwambia yeye!"

"Aliniuliza," Mama alisema. "Nilimpa sindano, akaniuliza kwa nini. Nikamjibu. Sikuwa na nguvu ya kuanza mwenyewe. Wewe nilikuachia mlango wazi mara ngapi? Nilikuwa naisingizia taa mchana kweupe, nikitumaini utasema, Mama, taa ina kosa gani? Ukapanda juu ya kiti ukabadilisha taa."

Ni kweli. Alikuwa amebadilisha taa mara tatu.

"Lakini wewe ndiye uliyeniambia mkasi hauulizi."

"Nilimwambia mtoto. Ulikuwa unatetemeka, unaogopa kuharibu kitambaa cha watu. Nikakupa neno la kukutuliza siku ile. Sikujua utaolewa nalo."

Naam hakucheka. "Na Mungu je?" alisema kwa sauti ndogo. "Naye ananiona hivyohivyo?"

"Mimi ni fundi cherehani, usiniulize ya Mungu. Najua yangu tu. Mdogo wako akiniambia nimependeza, najua nimependeza. Natembea siku nzima nikiwa na raha. Wewe umeniambia kila siku iendayo kwa Mungu, na sijajua hata mara moja kama uliniangalia. Sasa kama yeye huko juu ana moyo wa mzazi, na watu wanamwimbia asubuhi na jioni wamefumba macho, sijui. Labda anafurahi. Mimi ningekuwa mpweke."

Nje gari lilipita, kioo cha dirisha kikatetemeka. Naam alimtazama mama yake. Alimtazama kweli, kuanzia kilemba, macho yaliyoingia ukungu, mpaka ule uzi uliokuwa ukining'inia begani.

"Mama," alisema, na ilikuwa vigumu kuliko kuuliza. "Gauni umeligeuza. Mishono iko nje."

Mkono wa Mama ulikwenda ubavuni. Vidole vyake vilikutana na mshono wake mwenyewe, vikautambua.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Watu wote wale wamenikuta hivi?"

"Wote."

"Na wewe asubuhi uliniambia nini?"

"Nilikuambia umependeza."

Mama aliinuka kwenye kiti. Kisha akainua mikono yote miwili juu, kama mtoto, na Naam akaelewa, akasimama akamvua gauni, akaligeuza, akalipitisha tena kichwani, akamfunga kifungo cha nyuma ya shingo. Alikuwa nyuma yake, hawatazamani, na pengine ndiyo maana aliweza.

"Na ule mstari wa majoho, Mama. Niliuona."

"Najua," Mama alisema. "Nilisikia mkasi ukisita. Nikasema moyoni, haya, sasa ataniambia. Nikangoja. Halafu ukaendelea kukata."